Wanja Juu ya Yai la Chatu

Nyoka nawajua kuliko yeyote atakayeshika kitabu hiki. Haya, niseme ukweli kabla sijasutwa: nimekutana na wawili tu maishani, na wote wawili waliniona mgongo, maana nilikuwa naondoka kwa kasi. Inspekta Shangazi ndiye hakuwa na ruhusa ya kuondoka kwa kasi. Alilipwa mshahara aingie kule ambako wenzake wanatokea, na asubuhi ile alikuwa amesimama tena mlangoni mwa chumba cha chatu, mkoba kwapani, pua ameikunja.

Pale kituoni hakuwa shangazi wa mtu. Walimpa jina hilo kwa sababu alihoji watu kama shangazi aliyekuja kukagua ndoa: anakaa, anaomba maji, anasifu mapazia, na kabla glasi haijaisha umeshamtolea mwenyewe ulichokuwa umekificha.

Mwenye nyumba ile aliitwa Mshenga. Wengine hufuga chatu, yeye aliwaozesha. Na hakuozesha ndugu kwa ndugu. Alimchukua chatu mkubwa wa mabwawani, mrefu kuliko kitanda, akamtafutia mume kwa wale wadogo wa nyikani wanaojikunja kama mpira wakiogopa. Porini wawili hao wangekutana, mmoja angemla mwenzake na harusi ingeishia hapo. Kwake walizaa. Machotara wake walikuwa na umbo la mama na madoadoa ya baba, na wapenzi wa nyoka walikuja kutoka mbali kuwatazama tu.

Sasa Mshenga alikuwa amekufa. Mama yake mzazi ndiye aliyemkuta, sakafuni mwa chumba hicho, na chatu jike aliyeitwa Bibi Harusi amejilaza juu yake kama blanketi. Kila mtu alisema kabanwa na nyoka wake, na mambo yangeishia kwenye mazishi. Inspekta ndiye aliyekataa. Daktari wa mifugo alikuwa amemwambia kwamba chatu huuma kwanza, akishashika ndipo anajiviringisha. Shingo ya Mshenga haikuwa na alama ya jino hata moja. Ilikuwa na mkwaruzo mpana wa kitambaa.

Basi ajali ikawa mauaji. Na kwa kuwa chumba kile kilikuwa na funguo mbili tu, moja kiunoni mwa marehemu na nyingine kwenye msumari juu ya kitanda cha mkewe, mke akachukuliwa pamoja na mtoto wake mchanga anayekohoa, wakawekwa mahabusu. Akili nyingi huondoa maarifa. Kama Inspekta angenyamaza, mjane yule angekuwa kwake analia kama wajane wengine.

Mkuu wa kituo alikuwa amempa mpaka kesho. Kesho jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na likienda lilivyo, mama anabaki ndani na mtoto anachukuliwa na bibi yake mzaa baba. Inspekta hakuamini kwamba mkono ulionyonga ulikuwa wa mwanamke yule. Majirani wote walisema jambo moja: mke wa Mshenga anaogopa hata mnyoo. Chakula cha mumewe alikiweka kwenye kigoda nje ya mlango wa chumba cha chatu, akabisha, akakimbia. Yeye mwenyewe alisema hajawahi kuvuka kizingiti kile. Kwa hiyo Inspekta alikuwa amerudi kutafuta mkono mwingine.

Koplo wake, mwanamume mnene mwenye sauti nyembamba, alisema yeye atalinda mlango. Mlango haukuwa umetishiwa na mtu.

"Chatu walishachukuliwa, Koplo," Inspekta alimwambia.

"Najua, afande. Lakini kuna waliokuwa hawajaandikishwa."

Inspekta akaingia peke yake. Masanduku ya vioo yalikuwa yamepangana ukutani, matupu, taa zimezimwa. Katikati ya sakafu lilikuwa limelala kasha la joto, lile ambalo Mshenga alitunzia mayai: friji ya zamani aliyoitoa mashine na kuifunga balbu na kipimajoto. Bibi Harusi alikuwa ameliangusha alipokuwa anazungukazunguka chumbani. Vumbi la mbao lililolowa lilikuwa limemwagika mpaka ukutani.

Inspekta akachuchumaa, magoti yakalia. Alipekua vumbi lile kwa kalamu, kona hadi kona. Hapakuwa na ute wala kipande cha ganda. Karibu na soketi ya umeme aliona alama nne ndogo katika vumbi la zamani, za miguu ya kitu kilichokaa pale muda kisha kikaondolewa. Akadhani ni kigoda.

"Koplo. Askari wa kwanza kufika, yule aliyeungua kidole, aliunguzwa na nini?"

"Na balbu ya hilo kasha, afande. Lilikuwa limeanguka lakini linawaka."

"Sasa nikuulize. Umepika wali wako, unaiva vizuri. Utauondoa jikoni?"

"Siwezi."

"Na ukijua kuna ng'ombe anakuja kupindua jiko?"

Koplo akafikiri kwa uzito uliostahili wali. "Nitauondoa kabla hajafika."

"Kabla hajafika," Inspekta alisema, akainuka kwa kushika ukuta.

Maana mayai hayakukutwa chumbani. Yalikutwa chumba cha pili, katika kitanda cha mtoto, yamefunikwa blanketi karibu na hita. Kasha lilikuwa linafanya kazi. Hapakuwa na sababu ya kuyahamisha. Kasha lilianguka, na hakuna yai lililopasuka. Kwa hiyo yalitolewa mapema, na aliyeyatoa alijua kwamba Bibi Harusi ataachiwa. Aliyeyahamisha mayai ndiye aliyemfungulia chatu. Na aliyemfungulia chatu alitaka watu waone kifo cha chatu, kwa sababu yeye ndiye aliyenyonga.

Wakaenda chumba cha mtoto. Walimkuta mama yake Mshenga ameinamia kitanda kile, mkono ndani ya blanketi. Alikuwa mama wa makamo makubwa, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kufukuza kuku wa jirani. Inspekta akamwamkia, akasifu mapazia, akaomba maji. Mama hakuhitaji hata hayo maji. Alikuwa na mengi, na yote yalimhusu mkwewe.

Alisema mwanawe alioa mwanamke wa kulalamika. Wiki zile za baridi Mshenga aliitoa hita kwa mtoto, akaipeleka kwa chatu wake, na mwanamke akanuna nyumba nzima kana kwamba mtoto wake ndiye wa kwanza duniani kukohoa. Mtoto si alivalishwa sweta mbili? Inspekta akaitazama hita, ambayo sasa ilikuwa pale pale miguuni pake, akauliza nani aliirudisha. Mama akasema ni mwanawe mwenyewe bila shaka, alikuwa na moyo laini, ndiyo maana alikufa. Na tazama mwanamke yule alivyokwenda mahabusu, aliendelea, mtoto kamfunga kwenye taulo kama mkate. Mbeleko ya mistari, nzito, aliyomnunulia yeye mama mkwe kwa mkono wake, sijui kaitupa wapi. Akiletewa mjukuu wake kesho atamnunulia nyingine.

Inspekta aliitikia kila neno. Orodha za mama wakwe huwa ndefu, na askari akiandika kila kitu hatapata pensheni.

"Na haya mayai, mama, unayafanyaje?"

"Nayageuza. Kila asubuhi tangu siku ile. Mmeyaacha tu hapa kama mawe, yangeoza. Kuku si huyageuza mayai yake? Kiumbe ni kiumbe."

Inspekta akafunua blanketi. Mayai ya chatu hayafanani na ya kuku. Ni makubwa, meupe, ganda lake laini kama ngozi ya ngoma iliyolegea. Kila moja lilikuwa na msalaba mdogo mweusi. Misalaba mingine ilitazama juu, mingine ubavuni, mingine ilikuwa imejificha chini. Akamwomba Koplo picha iliyopigwa siku ya kwanza. Koplo akaitafuta katika simu. Katika picha misalaba yote, bila kubakiza hata mmoja, ilitazama juu.

Hakujua maana yake. Alijua tu kwamba aliyeyalaza yale mayai katika kitanda kile alifanya hivyo kwa mpango, na mama huyu, aliyekuwa anayageuza kama chapati, hakuwa na mpango huo. Mtu mmoja akatoka kwenye hesabu. Akaomba ndoo, wakayapanga mayai ndani na blanketi lake.

"Ndoo utaishika wewe," alimwambia Koplo. "Mimi nitaendesha gari."

Koplo akakaa nayo mapajani njia nzima, mikono juu, kama mtu aliyetekwa.

Mtu wa pili katika hesabu alikuwa Kinyozi. Huyu alikuwa mshirika wa Mshenga katika kazi ya chatu mpaka walipogombana, na ugomvi wao ulijulikana mtaa mzima: nani ajiite baba wa machotara. Jike lilikuwa la Mshenga, dume la Kinyozi, na kila mmoja alisema bila yeye hakuna kitu. Zamani walikula sahani moja. Siku hizi walipishana njiani kama wake wenza. Askari mwingine alikuwa amechukua maelezo yake kwa simu. Kinyozi alisema tangu ugomvi ule, yeye na dume lake hawajakanyaga kwa Mshenga.

Na mkobani mwa Inspekta kulikuwa na kitu kilichosema vingine. Katika sanduku la Bibi Harusi alikuwa ameokota gamba, ngozi nzima iliyovuliwa na nyoka mdogo, na tumboni lina kovu la kuungua. Kovu la nyoka halimwachi. Anajivua gamba, na kovu linabaki juu ya gamba kama muhuri. Kama dume la Kinyozi lina kovu hilo, basi Kinyozi ni mwongo, na mwongo anayejua chatu ndiye hasa aliyekuwa anatafutwa. Kwa mara ya kwanza tangu jalada lifunguliwe, Inspekta aliendesha gari akiimba kidogo.

Kibanda cha kinyozi kilikuwa na viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu chenye ufa, na hakuna mteja hata mmoja. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, amejifunika shuka la kunyolea mpaka shingoni, ametazama ukuta. Hakugeuka walipoingia, aliwaangalia kupitia kwenye kioo.

"Kama ni kunyoa, leo sinyoi," alisema.

"Sisi tumeleta kitu ulichosahau," Inspekta alisema, akalitandaza gamba juu ya meza, kati ya mashine na chupa ya spiriti.

Kinyozi akaliinamia. Kisha akasema, bila kubishana, kwamba ndiyo, ni la dume lake, na kovu lilitokana na bati la joto lililomuunguza tumbo. Akawaelekeza nyuma ya pazia. Koplo akasema hapa mbele ndipo panapohitaji ulinzi. Inspekta akaenda mwenyewe, akavuta droo ya plastiki aliyoonyeshwa. Dume lilikuwa limejikunja kama mpira, kichwa ndani. Akalisukuma kwa rula mpaka likalegea. Kovu lilikuwepo.

Alirudi akiwa amenyooka mgongo. Akamuuliza gamba la nyoka ambaye hajakanyaga kwa Mshenga lilitembea kwa miguu ipi mpaka likafika sandukuni mwa Bibi Harusi.

"Hilo ni manukato," Kinyozi alisema.

Akaeleza kwa sauti ya uchovu. Chatu hapendi mke wa kabila jingine. Dume humsikia jike kwa harufu, na jike lenye harufu ngeni atalipita kama kiti. Basi mshenga mjanja huchukua gamba la nyoka wa kabila la dume, akalilowesha, akampaka jike mwili mzima mpaka anuke kama binti wa nyumbani. Ndipo ndoa inawezekana. Alimpa Mshenga magamba matatu wakati wakiwa marafiki. Na kama afande anataka kujua ni la lini, alikunje.

Inspekta akalikunja pembeni. Likavunjika kama karatasi iliyokaa juani. Gamba la karibuni hukunjika kama nailoni; hili lilikuwa la zamani kuliko ugomvi.

Bado alikuwa na swali. Akamuuliza usiku wa kifo alikuwa wapi, akamwomba asimame wakati wa kujibu, na Kinyozi aliposimama na kugeuka, shuka likateleza, Inspekta akaona kile ambacho askari wa simu asingeweza kukiona. Mkono wa kulia wote, kuanzia vidole mpaka juu ya kiwiko, ulikuwa ndani ya plasta, na plasta yenyewe imeshachakaa na kuchorwachorwa na wateja.

"Niliteleza kwenye ngazi, nabadilisha balbu," Kinyozi alisema. "Ndiyo maana sinyoi."

Koplo akatoka nje akapiga simu kwa wauguzi wa mifupa. Wakati anangoja jibu, wote watatu walijua jibu. Plasta ilikuwa ya kabla ya kifo, na mfupa ulikuwa umevunjika kweli, mara mbili. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Wala haumnyongi mwanamume mzima aliyeshiba.

Inspekta akakaa kwenye kiti cha pili. Wakawa wawili wametazama kioo, kama wateja wanaomngoja kinyozi ambaye hayupo.

"Kwa nini kitambaa?" Kinyozi aliuliza baadaye. "Nimesikia ni kitambaa."

Inspekta akageukia mlango. Akamwashiria Koplo alete ndoo.

Alipoyaona mayai, Kinyozi alibadilika uso. Akaomba tochi, akazima taa, akashusha pazia la mlango. Akaliegemeza yai la kwanza juu ya mdomo wa tochi. Yai lililo hai, alisema, huonyesha mishipa myekundu kama ramani ya mito. Hili lilitoa mwanga wa njano tupu, kama taa ya chooni. Akaliweka kando. La pili njano. Aliendelea mpaka chini ya ndoo, na kila moja lilipowaka njano alilirudisha polepole zaidi kuliko lile la kwanza, kana kwamba upole ungesaidia.

"Nani kayageuza?"

"Bibi yao," Inspekta alisema. "Kwa nia njema. Kama ya kuku."

Kinyozi alikaa sakafuni. Akasema kuku hugeuza, chatu hageuzi. Yai la chatu likishatagwa, kitoto ndani kinajishika upande wa juu. Ukiligeuza, kinazama katika maji yake mwenyewe. Ndiyo maana kila yai linapigwa alama siku ya kwanza, na alama hiyo hukaa juu mpaka siku ya kutotoa, hata nyumba ikiungua. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, alisema. Hata ukiwa umelewa hutaligeuza yai. Mkono unakataa wenyewe.

"Miaka yetu yote iko ndani ya hii ndoo," alisema. "Hakuna tena. Jike amezeeka."

Inspekta akauliza kile alichokuja nacho. Aliyeyahamisha mayai usiku ule aliyalaza yote alama juu. Ukimtoa Kinyozi, ukimtoa marehemu, nani mwingine anajua sheria hiyo?

Kinyozi akalishika yai moja, akausugua msalaba kwa kidole gumba. Ukapakaa, mweusi, wenye mafuta. Akaunusa.

"Hii si penseli yetu. Sisi tunatumia ya seremala. Hii haiandiki, inapaka."

"Ni wanja, afande," Koplo alisema kutoka mlangoni. "Ule wa kuchongwa. Nyumbani nina dada watatu, naukalia kila siku."

Kinyozi akasema huenda. Macho ya Mshenga yalikuwa yamechoka siku za mwisho, karibu haoni. Wakati wanagombana alimtupia neno: kwamba hamhitaji tena, ameshapata mtu mwenye mkono mwepesi kuliko wa kinyozi. Hakumtaja. Kinyozi alidhani ni maneno ya hasira.

Inspekta alilishika neno hilo kama mtu anayezama anavyoshika jani. Mtu wa tatu. Mtu anayejua chatu, mwenye mkono mwepesi, aliyeingia na kutoka bila majirani kumwona. Wanja haukumsumbua, Mshenga angeweza kuuokota popote ndani ya nyumba yenye mke. Kama yupo mtu wa tatu, basi mke asiyejua chatu hana kesi, na mtoto analala kwake kesho.

"Nipe yai moja," alisema.

"Lililokufa?"

"Lolote."

"Yote yamekufa, afande. Chagua."

Chumba cha wageni cha mahabusu kilikuwa na meza moja ya mbao, mabenchi mawili, na dirisha lililokuwa juu sana kwa mtu yeyote kutazama nje. Askari wa kike alikaa mlangoni akifuma soksi. Mke wa Mshenga aliingia na mtoto kifuani, amemfunga kwa taulo la kijani. Siku aliyokamatwa nyusi zake zilikuwa zimechorwa vizuri, mstari mwembamba kama wa mwalimu. Leo zilikuwa zimefutika, na uso ulionekana mdogo. Mtoto alikohoa kikohozi kile kikavu, kama mtu anayevunja vijiti.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Anaendeleaje?"

Mwanamke akasema usiku halali. Wamempa dawa, lakini sakafu ni baridi, na blanketi ni moja. Akauliza kama ni kweli kesho watamchukua. Hakuuliza juu yake mwenyewe.

Inspekta alimwambia yote, kwa utaratibu, kama anavyoambiwa mgonjwa. Kwamba aliyeua aliyahamisha mayai kwanza. Kwamba aliyalaza kama wanavyojua wafugaji wenyewe tu. Kwamba Kinyozi hakuweza. Kwamba kuna mtu mwingine, ambaye hawajampata na huenda wasimpate, lakini si lazima wampate leo. Kilicho lazima leo ni kitu kimoja: kumwonyesha Mkuu kwamba mtu huyo si yeye.

Mwanamke alianza kulia bila sauti. Alilia akimtingisha mtoto.

"Kwa hiyo nataka unijibu tu, nikamweleze Mkuu kwa maneno yako," Inspekta alisema. Akafungua mkoba kutafuta kalamu, na ili aipate akatoa kwanza miwani, kisha leso, kisha yai, akaviweka mezani. Yai alilikalisha msalaba chini. Nisiwadanganye kwamba lilikaa hivyo kwa bahati. Shangazi alikuwa amelipanga hivyo tangu garini, na njia nzima alikuwa anaomba ashindwe.

"Chumba kile uliwahi kuingia?"

"Hata siku moja. Wote wanajua, Shangazi. Nilikuwa naweka chakula nje."

"Marehemu hakukufundisha chochote? Kumsaidia, macho yake yalivyokuwa yamechoka?"

"Mimi?" Alijifuta uso kwa pembe ya taulo. "Mimi nikimwona nyoka kwenye televisheni naondoka. Yeye na mambo yake, mimi na mtoto wangu."

Mtoto alinyoosha mkono kuelekea kitu kile cheupe. Meza ilikuwa imeinama kidogo, na yai likaanza kubingirika. Mwanamke akalizuia kwa kiganja, bila kuacha kuongea. Alikuwa anasema kwamba harufu tu ya chumba kile ilimtia kichefuchefu. Alikuwa anasema kwamba mumewe aliwapenda nyoka kuliko watu, kwamba alimnyang'anya mtoto hita kwenye baridi ile, akampa nyoka, na mtoto anakohoa, na alimwomba, alimpigia magoti. Na huku anasema, vidole vyake vilikuwa vinaliinua yai kwa chini, vyote vitano, polepole, kama unavyomgeuza kichwa mtoto aliyelala ili asiamke. Msalaba ukapanda ubavuni, ukafika juu. Akausogeza sawasawa kwa ncha ya kidole cha shahada. Akakunja pembe ya taulo, akaisukuma ubavuni mwa yai lisibingirike tena.

"Hayo mayai yake," alimalizia, "mimi hata rangi yake siijui."

Inspekta alikuwa ameshaipata kalamu. Hakuandika. Alilitazama taulo lile la kijani, akakumbuka mbeleko ya mistari, nzito, ambayo hakuna aliyejua imetupwa wapi. Akakumbuka alama nne karibu na soketi, na hita iliyorudi kwa mtoto.

Mwanamke akaona anapotazama. Akateremsha macho mpaka kwenye mkono wake mwenyewe, uliokuwa bado umeweka kiganja juu ya yai, kama kifuniko. Hakuuondoa mara moja. Mlangoni sindano za kufumia zilikuwa zimenyamaza.

"Hilo lilishakufa, mwanangu," Inspekta alisema. "Hata ungeliacha kichwa chini."